Riwaya Zilizofungia Karanga

Mume wangu anapenda sana karanga za kukaanga, na kwa miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akizila kibarazani, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu harufu yake ikiingia ndani mimi hununa siku nzima. Wageni hudhani karanga zinanidhuru mwilini. Nimewaacha wadhani hivyo. Ni rahisi kuliko kuwaeleza kwamba harufu ya karanga zenye chumvi, zikiwa bado za moto, kwangu mimi ni harufu ya vitabu. Ninyi mliozaliwa wakati wangu mtakumbuka karanga zilivyouzwa kabla ya hivi vipakiti vya nailoni. Zilifungwa kwenye karatasi iliyokunjwa ikawa na ncha chini na mdomo juu, na ukishamaliza kutafuna uliikunjua karatasi kuona imeandikwa nini. Wengi wenu mlikuta hesabu za mtoto wa watu au kipande cha gazeti la zamani. Waliopita Same wakati ule, wakanunua kwa shangazi yangu pale mabasi yanaposimama, walikuta vitabu vya mama yangu.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, juu milimani, upande ambao ukungu wa msitu wa Shengena hushuka mpaka kwenye migomba na nguo hushinda kambani bila kukauka. Alikuwa na sanduku la bati la bluu alilokwenda nalo chuoni alipokuwa msichana, na ndani yake hamkuwa na nguo wala vyombo. Zilikuwa riwaya tupu. Jioni, makande yakiwa yanatokota na baba akiwa kwenye kikao cha ndiva, lile bwawa ambalo sisi Wapare tunagawana maji yake kwa zamu na kuyagombania kwa zamu vilevile, mama alifungua sanduku, akatoa kimoja, akasogeza chemli. Alisoma akicheka peke yake. Wakati mwingine alijiziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, na mimi nikimuuliza kuna nini huko ndani, alinijibu kwamba mambo ya humo bado hayajanifikia. Aliniahidi kwamba nikimaliza darasa la saba atanipa kimoja kimoja, nami nilikuwa darasa la tatu.

Kimoja tu kilikuwa cha watoto, na hicho alikuwa ameanza kunisomea. Kilimhusu binti aliyeukuta mwezi umeanguka shambani kwao, akautia ndani ya chungu na kuanza safari ya kuurudisha. Kila alipofika watu walimwomba aufunue kidogo tu wapate mwanga, na kila alipoufunua ulipungua. Tulimwacha binti huyo kwenye mlango wa mzee mmoja kipofu ambaye alisema yeye hahitaji mwanga, anataka kuushika mwezi tu. Usiku uliofuata mama alikuwa na homa. Kilikuwa kiangazi kirefu, ndiva imebaki tope, na kila mtu alisema ni homa za kiangazi tu. Wakamshusha Same hospitali, na aliporudi juu alirudi akiwa ndani ya jeneza.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani kugawa vitu vyake. Kwetu mtoto hakai kwenye kikao cha namna hiyo, lakini huitwa mara moja mwanzoni, akasimamishwa mbele ya wazee, akaambiwa achague kitu kimoja cha marehemu kiwe chake, na hakuna mtu atakayemgusa. Babu mkubwa wa ukoo aliniuliza kwa upole kabisa. Niliangalia vile vitu vilivyopangwa juu ya mkeka, sufuria, jembe, viatu vya shule, sanduku, nikachukua khanga aliyokuwa akijifunga nayo jikoni, kwa sababu ilikuwa na harufu ya shingo yake. Wanawake walilia, wakasema mtoto ana akili. Hakuna aliyejua nilichokuwa nafikiri. Nilidhani nimeazimwa khanga ile, na kwamba vingine vyote vitarudishwa mahali pake ndani, ili mama akirudi avikute. Nilitoka nayo nikaenda kukaa nyuma ya banda la mbuzi, na kule uani vitu viliisha kimoja kimoja.

Sanduku na vilivyomo alipewa shangazi, dada mkubwa wa baba. Na mimi pia, ilipofika jioni, nilikuwa nimegawanywa. Baba alisema mwanamume hawezi kulea mtoto wa kike peke yake, na wazee wakaitikia kwa vichwa kama wanaokubaliana juu ya zamu ya maji. Shangazi alitangulia na sanduku. Mimi nilifuata baada ya muhula kufungwa, nikiwa na khanga yangu ndani ya mfuko.

Same ilinichukiza kuanzia siku ya kwanza. Mtu aliyezoea baridi ya juu akishushwa kule tambarare huhisi amewekwa juu ya jiko. Upepo wenyewe ni wa moto na umejaa vumbi, na maji ya kunywa yana chumvi. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Alikuwa mwembamba, mwepesi, asiyepoteza neno wala njiti ya kiberiti. Mnajua Wapare tunavyotaniwa kwa ubahili nchi nzima. Basi huyo ndiye aliyesababisha utani wenyewe. Alikaanga karanga kila siku isipokuwa Sabato, kwenye karai kubwa lenye chumvi, akizigeuza kwa mwiko mpaka ganda likaanza kubambuka. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukunja karatasi. Alinionyesha mara moja tu, akanisukumia beseni lililojaa kurasa zilizochanwa, akarudi kwenye karai lake.

Nilikunja mbili au tatu bila kuangalia. Ya nne ilikuwa na mwezi. Binti alikuwa mtoni na chungu chake, na kivuko kilikuwa kinakataa kumvusha kwa sababu chungu kilikuwa kizito kuliko kinavyoonekana. Niliisoma mpaka chini, nikageuza, nikasoma nyuma, kisha nikaanza kutafuta mwendelezo ndani ya beseni. Sikuupata. Nilichokipata ni ukurasa unaoeleza nchi ambayo milima yake hutembea, na watu hulala wamejifunga kamba kwenye miamba ili wasiamke wakajikuta wameachwa. Nikasema moyoni, basi, binti amevuka, amefika huko.

Hivyo ndivyo nilivyozijua riwaya. Nilizijua zikiwa vipande vipande, zimechanganyika kwenye beseni la kufulia, mikono yangu ikizisoma na kuziua kwa wakati mmoja. Sikujua kwamba ni vitabu mbalimbali. Mama alikuwa amenisomea kitabu kimoja katika maisha yangu, na kwa akili yangu kila karatasi iliyotoka kwake ilikuwa mwendelezo wa hadithi ile ile. Nilianza kuamini kwamba hadithi imekwenda mbele bila sisi, na kwamba tangu mama afe imeharibika. Binti amekua. Amefika mjini, amekuwa mwanamke anayekaa dirishani akiandika barua ambayo hapeleki posta, na kurasa nyingi hakuna kinachotokea, chai inapoa tu na mvua inanyesha. Mwanzoni nilizichukia hizo kurasa za dirishani. Baadaye nikaanza kuzitafuta kuliko zote, kwa sababu yule mwanamke alisogeza taa kama mama.

Halafu kulikuwa na maiti. Katika kurasa fulani mtu aliyezikwa alirudi kila usiku baada ya mazishi kugonga mlango wa nyumba yake, akiomba afunguliwe, na waliokuwa ndani walitetemeka wakasukumia meza mlangoni. Najua leo kwamba ile ilikuwa riwaya ya kutisha na kwamba aliyeiandika alitaka nisilale. Mimi nilifurahi mpaka machozi. Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniambia kwamba waliozikwa hurudi. Wote waliniambia mama amepumzika, mama yuko mahali pema, na sasa karatasi yake mwenyewe ilikuwa inaniambia kwamba hugonga. Niliwaona wale watu wa ndani kuwa wapumbavu na wakatili. Tangu siku hiyo nikawa naondoa komeo la mlango wa nyuma kabla ya kulala, na shangazi alipoligundua hilo alinichapa kwa fimbo ya mwarobaini, akisema nataka wezi wamalize hata karai. Sikumwambia namfungulia nani.

Kila asubuhi nikienda shule niliitazama milima, nione kama imesogea. Huko juu kulikuwa na nyumba yetu, na baba, na mke mpya wa baba ambaye nilikuwa nimesikia habari zake sokoni kwa watu. Milima ilikuwa pale pale. Nilijipa moyo kwamba hadithi ikifika mwisho kila kitu kitapangwa, na mwisho huo ulikuwa mahali fulani ndani ya beseni. Nilichokitaka katika dunia yote wakati ule kilikuwa hicho kimoja: niufikie ule mwisho kabla haujafungiwa karanga na kuondoka na basi la Arusha.

Sabato moja shangazi aliumwa kichwa, akaniomba nimtolee shuka chini ya kitanda. Sanduku la bluu lilikuwa pale. Nilingoja mpaka akalala, nikalivuta nje taratibu na kulifungua, na hapo ndipo nilipoelewa. Vilikuwa vitabu vilivyobaki, kila kimoja na jalada lake. Kimoja kilikuwa na mkono unaotokeza kwenye udongo, kingine kilikuwa na milima yenye miguu, kingine hakikuwa na picha yoyote ila jina. Hadithi yangu ilikuwa nyingi, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa inamhusu mama. Kisha nikakitafuta kile cha watoto, nikakipata chini kabisa, nikakifungua kwa nyuma.

Shangazi alikuwa na namna yake ya kuchana. Hakuanza mbele, kwa sababu mbele kuna jalada na gundi; alikigeuza kitabu kifudifudi akaanza nyuma, ambako kurasa humegeka vizuri. Kila kitabu kilichoguswa kilipoteza mwisho kwanza. Kile cha mwezi kilikuwa kimeishia mtoni, na kurasa zilizofuata ziliuzwa kabla sijashuka milima, wakati nikiwa bado kwa baba nasubiri shule ifungwe. Nilikuwa natafuta kitu ambacho kilishaliwa chumvi yake na watu ambao hata hawakujua wanasafiri nacho.

Siku iliyofuata nilimwomba anipe vile vilivyobaki. Nilipiga magoti, kama nilivyofundishwa kumwomba mtu mzima, nikamwambia naomba vitabu vya mama. Hakukasirika. Aliendelea kupepeta karanga.

"Uliitwa mbele ya ukoo mzima," aliniambia. "Ukaulizwa, ukachagua khanga. Au hukuulizwa?"

"Niliulizwa, shangazi."

"Basi. Kilichogawanywa hakirudi. Kukirudisha ni kuufungua msiba upya, na wewe ni mtoto, huwezi kuubeba."

Ndivyo mambo yalivyo kwetu, na hata leo wapo ndugu wasiosemeshana kwa ajili ya jembe lililoombwa upya baada ya matanga. Nikajaribu njia nyingine. Nilianza kukusanya karatasi popote, nikazijaza kwenye beseni ili shangazi asione haja ya kufungua sanduku. Niliomba madaftari yaliyokwisha kwa wenzangu darasani, nikaokota magazeti nyuma ya maduka. Kwa wiki kadhaa nilifanikiwa. Usiku nililala nikijua kwamba chini ya kitanda cha shangazi hakuna kilichopungua, na furaha ile niliificha vizuri kuliko mtoto anavyoweza. Kisha karatasi zikaadimika, nikaenda kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa karibu na shule, nikachukua mifuko ya saruji. Niliikung'uta, nikaipangusa kwa khanga yangu, nikaikata vipande.

Abiria mmoja alirudisha karanga kupitia dirisha la basi, zina vumbi la kijivu, akamuuliza shangazi mbele ya wauzaji wote kama anataka kuua watu. Shangazi hakuwa amewahi kutukanwa stendi. Alirudi nyumbani kabla ya saa zake, akaketi kwenye kigoda, akalivuta sanduku mpaka katikati ya uwanja. Nilidhani atanipiga, na ningependelea anipige. Alichukua kitabu kimoja baada ya kingine akavichana vyote, kwa utulivu, kama anayechambua mchicha. Nililia nikimwomba aniachie hicho cha mwezi, hata bila mwisho, hata nusu tu. Alinijibu kwamba nusu ya kitabu ni karatasi kama karatasi nyingine. Jioni ile nilikunja mpaka vidole vikauma, na sikusoma hata mstari mmoja. Nilikuwa nimeamua kwamba sitasoma tena.

Baba alikuja mara moja mwaka ule, akileta tangawizi za kuuza, amenenepa kidogo, na shati lake limepigwa pasi na mtu mwingine. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba huku akiangalia mizigo yake. Nilikuwa nimemwekea swali moja. Kule juu chumba changu na chao vilitenganishwa na ukuta wa fito, na kila mama aliponisomea baba alikuwa akimsikia, na yeye mama alikuwa amekisoma kitabu kile chote, huenda alimsimulia. Nilimuuliza yule binti wa chungu aliishia wapi.

"Binti gani?"

Nikamweleza. Alijaribu kukumbuka, nilimwona akijaribu, na nadhani kama angedanganya tu ningempenda mpaka kesho.

"Hadithi za watoto zile," alisema. "Sikuwa nasikiliza."

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilianza kuwatembelea wauza vitabu vya mitumba, wale wanaovitandaza chini kwenye turubai. Ile ahadi ya kutosoma ilikuwa imevunjika zamani, kwa njaa tu. Imenichukua miaka, lakini nimepata vitatu. Cha maiti ni kibaya kuliko nilivyokumbuka. Mwisho wake wanamchoma moto aliyekuwa anagonga, na wote wanashangilia. Cha milima kina mwisho wa raha ambao sikuuamini. Yule mwanamke wa dirishani hapeleki barua yake, na katika ukurasa wa mwisho anaiweka ndani ya kopo la sukari, aikute kila anapokoroga chai, kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu asingeelewa na mimi nilikielewa nikiwa nimesimama juani mbele ya muuzaji. Cha mwezi sijakiona mpaka leo. Nimewauliza walimu, wakutubi, na watu waliokulia kila mkoa, na hakuna aliyewahi kukisikia. Huwa ninajiuliza kama mama alikuwa akinisomea kilichoandikwa, au alikuwa akinitungia tu, lakini zile kurasa za mtoni nilizisoma mwenyewe.

Shangazi alizeeka palepale Same. Nilimtumia matumizi kila mwezi bila kukosa, nikamjengea choo, nikamlipia matibabu, na watu walinisifu kwa kumtunza. Tuliongea habari za hali ya hewa na bei ya vitu. Nilipokwenda kumuuguza mara ya mwisho alikuwa amekonda, amebaki macho, na siku moja nikiwa namkanda miguu nilimuuliza nilichokuwa nimekimeza tangu utoto. Nilimuuliza kama alijua kwamba vile vitabu mama alikuwa ameniwekea mimi.

Aliushika mkono wangu, nikaacha kukanda.

"Nilijua," alisema. "Aliniambia mwenyewe, kitandani pale hospitali. Alisema, wifi, nitunzie mtoto na sanduku."

"Ulijua."

"Mwaka ule mvua ilikataa. Baba yako hakuniletea hata debe la mahindi, na ada yako ilikuwa inadaiwa. Nikatazama, nikaona vyote viwili siviwezi." Alivuta pumzi. "Nikakutunza wewe."

Nilijua ni kweli. Sare zangu, viatu vyangu, ugali wote niliokula kwenye nyumba ile, shule iliyonifanya niweze kusimama juani nikaelewa barua iliyowekwa kwenye sukari, vyote vilitoka kwenye zile karatasi zenye ncha. Nilijua pia kwamba alikuwa ameusikia wosia, akaja kukaa kwenye kikao cha ukoo akanyamaza, akaniacha nisimame mbele ya mkeka nichague khanga. Mtoto aliyelelewa vizuri hapo alitakiwa kusema asante. Alikuwa akiisubiri, alinitazama hivyo, kwa macho yale makubwa. Nilimfunika miguu, nikamwambia apumzike. Tulimzika mwezi uliopita, na bado sijaisema.